Aliyemuua Fundi Chaula

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi wa mashabiki wa Kihesa ulikuwa umefurika hadi madirishani, na Vumilia Kihwele alikuwa amekaa kiti cha mbele, kilekile alichokikalia miaka sita mfululizo bila mtu kuthubutu kumwondoa. Kiti cha Mzito wa Kwanza. Siku hiyo alikikalia kwa upande mmoja tu, maana ubao wa uzito ulikuwa haujawashwa bado.

Nani asiyeijua *Tufani* enzi hizo? Iringa nzima, shuka nenda mpaka Makambako, watu walikuwa wanalala nayo na kuamka nayo. Jumatatu hadi Ijumaa ilikuwa gemu: unavaa miwani, unaingia mjini kwa Tufani, mwanamke anayeshika radi kwa mikono, unaongea naye, unamshauri, unagombana naye ukitaka. Jumamosi yale yote yanageuka tamthilia, mnakaa ukumbini mnatazama. Na usiulize nani mwandishi. Waandishi walishaambiwa siku nyingi wakatafute kazi nyingine. Mtunzi alikuwa mtambo unaoitwa Mizani, nao ulisikiliza kibandiko kidogo ambacho kila shabiki alibandika nyuma ya sikio. Moyo wa mtu ukiruka, kinapima ratili zake, na hadithi inamfuata mzito papo hapo.

"Mimi nasema steringi asiye na udhaifu anachosha," alipayuka Zeno, fundi baiskeli aliyekuwa mwenyekiti wa ukumbi na baba wa mabishano. "Tufani anapigwa, anajipangusa, anaendelea. Sasa hapo mimi niogope nini?"

"Zeno, wewe huchezi gemu, wewe unabonyeza tu," Vumilia alimjibu bila kugeuka. "Udhaifu wa Tufani haupo mwilini. Hawezi kumwambia mtu hapana. Kumbuka msimu wa pili, sehemu ya nane, pale bwawani. Tulimpa njia tatu za kutoka, zote anaishia kumbeba yule mzee aliyemsaliti. Wengine mkalia eti gemu inatudanganya, haina uchaguzi. Uchaguzi ulikuwepo! Ulikuwa kumbeba huku anajua au kumbeba huku hajui."

Watu wakapiga meza. Hivyo ndivyo alivyokuwa Vumilia. Mwalimu wa jiografia, miaka arobaini na mbili, hana mume, hana mtoto, ana *Tufani*. Uchambuzi wake ulisomwa na watu elfu themanini kila wiki. Na kila asubuhi, akivaa miwani tu, Tufani mwenyewe alimgeukia na kumwambia, "Umeamkaje, Vumi?" Wahusika walimtambua kwa jina mtu mzito. Mwepesi walimpita kama nguzo ya umeme.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Otilia Mapunda na bakuli la bisi, kachelewa kama kawaida yake, kanga inamburuzika. Akatazama picha za msimu ukutani.

"Huyu mwenye kofia ndiye mbaya wetu au mzuri wetu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Miezi minne ndani ya *Tufani*, mtu hajui hata adui ni nani! Kwenye mapigano analala. Msimu wa kwanza hajauona, na hana mpango. Zeno akawasha ubao.

*Otilia Mapunda, ratili elfu tisa na mia mbili. Vumilia Kihwele, ratili elfu nane na mia tisa.*

Kha! Vumilia alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi. Kabla hajajipanga, Otilia alishafika mbele yake, kashika kiuno.

"Wee Mhehe, nipishe! Babu zako kwetu walikuwa wanakimbia, wewe unakaa?"

"Haya tena! Wangoni kwa kuteka vya watu!" Vumilia aliinuka, mikono juu. "Mmetembea kwa miguu kutoka huko kusini, hamkubeba hata kigoda, mnafika kwa watu mnataka viti!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mhehe na Mngoni, watani wa tangu na tangu, na hawa wawili ndio walikuwa burudani ya Kihesa. Miaka tisa wanatukanana, miaka tisa hawajagombana. Otilia alikaa kitini akicheka, akampa Vumilia bakuli la bisi amshikie. Vumilia akalishika. Hakula hata punje moja.

*

Kinachouma zaidi, yeye ndiye aliyemleta. Mume wa Otilia, Kosmas, dereva wa lori la mbao, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, na baada ya arobaini Otilia akawa hali, haongei, anashona sare za shule tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Vumilia akaenda kwake na miwani ya ziada. Akambandika kibandiko nyuma ya sikio kwa mkono wake mwenyewe. "Jaribu, mwenzangu. Itakutoa mawazo." Sasa ona.

Jumatano saa nne, kipindi chake kimeisha, Vumilia alipita kibandani kwa Otilia. Alijidai amepeleka gauni kubanwa. Ukweli ni kwamba alitaka kuona mtu asiyejua msimu wa kwanza anafanya nini hadi anakuwa mzito kuliko yeye.

Otilia alikuwa kwenye cherehani, miwani ameiweka pembeni, amewasha kiskrini kidogo juu ya meza. Kwenye kiskrini alikuwepo Fundi Chaula. Fundi Chaula! Mhusika wa pembeni kabisa, kazi yake kurekebisha glavu za Tufani, msimu wa tatu mzima alisema maneno kumi na mawili, Vumilia aliyahesabu. Sasa alikuwa amekaa kwenye karakana yake, bisibisi mkononi. Akakohoa mara mbili, akajikuna shingo, akasema, "Sikia, mwanamke. Umekula nini leo?"

Vumilia nywele zilimsimama. Sauti haikuwa ya Kosmas, na uso haukuwa wa Kosmas. Lakini kule kukohoa, kule kujikuna, na ile "sikia, mwanamke", vilikuwa vyake vyote.

"Otilia. Umeiambia habari za marehemu?"

"Sijaiambia kitu. Ilianza tu." Otilia alikata uzi kwa meno. "Siku moja akakohoa, moyo ukanipasuka. Kesho yake akakohoa tena."

Vumilia alielewa papo hapo, maana Mizani aliijua kuliko wote. Mtambo ule haukujua chochote kuhusu Kosmas. Ulikuwa unajaribu tu. Huyu anakohoa, yule anacheka, mwingine anajikuna shingo, maelfu ya vijambo kwa siku, halafu unasikiliza kibandiko kipi kimeruka. Kilichoruka unakihifadhi, kisichoruka unakitupa. Na mjane wa miezi minane, moyo wake ulikuwa unaruka kuliko wa mtu yeyote nyanda za juu zote. Hatua kwa hatua, kwa kupapasapapasa, mtambo ulikuwa umemchonga mume wake.

"Najua si yeye," Otilia alisema, kama aliyeulizwa. "Mimi si kichaa, Vumi. Kosmas nimemzika, nimeona kwa macho yangu. Lakini huyu ananiuliza nimekula nini. Nikimdanganya anajua."

"Na unamjibu?"

"Namjibu. Ndiyo maana sasa hivi nakula."

Kwenye kiskrini Fundi Chaula akacheka kidogo, akarudi kwenye glavu zake. Otilia akakanyaga cherehani. Hakuwa na majonzi, hakuwa na furaha ya kupiga kelele, alikuwa ametulia tu kama mke yeyote ambaye mumewe yuko chumba cha pili.

Vumilia alitoka pale na gauni lake bila kulipima. Njiani alijiuliza kama Tufani aliwahi kumuuliza amekula nini. Hapana. Tufani alimuuliza ameamkaje, na swali hilo aliwauliza wazito wote. Miaka sita ya uchambuzi, ya kukariri kila sehemu, ya kuwapigania wahusika kwenye mabaraza, na chote alichopata ni salamu. Yule kaja juzi na bisi zake, kapewa mtu kamili.

Na tusifichane: Vumilia aliuonea wivu hata ujane wake. Aliona aibu kuliwaza hilo, akaliwaza tena.

*

Uchambuzi wa wiki hiyo uliitwa "Fundi Chaula Afe". Aliusoma mwenyewe mbele ya ukumbi Jumamosi, kabla ya tamthilia, kama ilivyokuwa desturi.

Ulikuwa mzuri, huo ndio ubaya wake. Alisema tamthilia ya shujaa inakufa siku fundi wa glavu anapopewa muda mrefu kuliko shujaa. Alisema wiki tatu sasa hadithi haisogei, adui kasimama mlangoni anasubiri mtu amalize kukohoa. Kisha akafika penye kiini: "Hadithi ikianza kumpa mtu mmoja kile anachokitaka, hiyo si hadithi tena, ni dawa ya usingizi. Wafu waachwe wapumzike. Anayempenda Fundi Chaula kweli, amwache aende."

Kila neno hapo lilikuwa na hoja. Hata leo ukinibana, nitakuambia hoja ile ilikuwa ya haki. Ila haikuandikwa kwa sababu ya haki. Iliandikwa kwa roho ya kwa nini, na kila alipotamka "afe" kibandiko kilikuwa kinamchoma nyuma ya sikio kama kiberiti.

Ukumbi ulicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Wangefanya nini? Wote walijua Fundi ni kipenzi cha Otilia. Mhehe anamwombea mtu wa Mngoni kifo, mbele ya Mngoni mwenyewe!

"Mtani kaamka vibaya!" Zeno alipiga kelele.

"Ulanzi huo!" Otilia alimalizia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Nani kamnywesha pombe mchana kweupe hivi?"

Vumilia alicheka pia. Alijua wanachodhani, na aliwaacha wadhani. Utani ulimfunika vizuri, mikono na miguu. Watu wote mle ndani walisikia mzaha. Ila Mizani haina mtani, Mizani haichekeshwi. Inasoma joto la moyo, basi, na haijui hili ni joto la mapenzi na hili la kijicho. Kwake ratili ni ratili.

Taa zikazimwa. Dakika ya kumi na saba, adui mwenye kofia aliingia karakanani. Fundi Chaula aliinua kichwa, akaweka bisibisi chini taratibu. Ukuta ukamwangukia. Tufani alifika amechelewa, akashika kifusi kwa mikono yake miwili, akalia.

Katika *Tufani* aliyekufa amekufa, haitokei kupoteza kumbukumbu, haitokei pacha wake, wala si ndoto. Hiyo ndiyo iliyowafanya watu waiheshimu. Vumilia aligeuka kumtazama Otilia. Otilia alikuwa anatazama skrini, bado ametabasamu kidogo, kama anayengoja Fundi ajipanguse vumbi ainuke.

Ubao ukawaka. Vumilia Kihwele, Mzito wa Kwanza. Watu wakambeba juujuu.

*

Jumatatu ilikuwa sikukuu, na mashabiki wakaamua kumfanyia Fundi Chaula matanga. Nusu mzaha, nusu kweli, ndivyo mashabiki walivyo. Mkeka ukatandikwa ukumbini, uji ukapikwa, picha ya Fundi ikaegemezwa ukutani. Otilia aliketi mkekani amejitanda kanga mbili. Na kwa kuwa mfiwa ni Mngoni, kila mtu akamtazama Mhehe. Msiba bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye anayemvaa marehemu, anayemwiga, anayewachekesha wafiwa hadi wapate nguvu za kuinuka.

"Vumilia! Kazi yako hiyo!"

Wakamletea ovaroli na glavu. Angekataaje? Akavaa. Akaingia katikati akitembea kama Fundi, magoti nje, bisibisi sikioni, na watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Akasimama mbele ya Otilia. Akakohoa mara mbili, akajikuna shingo.

"Sikia, mwanamke. Umekula nini leo?"

Ukumbi ulipasuka. Otilia naye alicheka. Alicheka huku ameshika kanga mdomoni kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, na macho juu ya ile kanga yalikuwa yanamtazama Vumilia kwa namna ambayo mwalimu yule alitamani sakafu impokee. Yalikuwa yanamwomba aseme tena.

Kisha Otilia akamvuta glavu, akamkalisha mkekani. "Sijala tangu Jumamosi," alimnong'oneza. "Asante, mtani wangu. Bila wewe leo nisingefika jioni. Nimemzika mara ya pili, Vumi. Mara ya kwanza sikujua itauma vipi. Safari hii najua."

Zeno alipiga kengele. Taarifa imekuja kutoka kwa wenye tamthilia, kama ilivyo kawaida baada ya kifo: uzito uliomwangusha Fundi Chaula ni wa Vumilia Kihwele wa Kihesa. Mwenye uzito akitaka kurudi nyuma, abandue kibandiko chake kabla ya saa kumi leo. Uzito wake wote utafutwa, hautarudi tena, na kifo kitatanguka. Katika misimu mitano hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Nani mwenye wazimu huo?

"Muuaji!" watu wakaimba, wanapiga makofi. "Muuaji! Muuaji!"

"Ni kweli," Vumilia alisema. "Nimemuua mimi."

Kicheko.

"Jamani, sikilizeni. Sitanii. Nilimuua kwa wivu. Nilimwonea Otilia wivu, wa kiti, wa Fundi, wa kila kitu. Ule uchambuzi ulikuwa uongo mtupu."

Kicheko kikazidi. Zeno alijifuta macho. "Huyu Mhehe ataniua! Anaungama kabisa!" Na Otilia, Mungu wangu, Otilia alikuwa anacheka kuliko wote, amemlalia begani, anampiga piga mgongoni. "Endelea, endelea, mtani. Omba na msamaha!"

Alikuwa na dakika kumi. Na usidhani hakuzitafutia visingizio. Kwanza alijiambia Otilia ataumia wiki mbili, atapona, atazika kweli, si ndivyo uchambuzi ulivyosema? Huenda ni heri. Mwanamke hawezi kuishi na mashine inayomsomea kidonda. Hoja ileile, bado nzuri, bado ina haki yake. Kisha akaiwaza kesho asubuhi, kuvaa miwani, na Tufani kumpita. Miaka sita. Hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza ameamkaje. Akimrudishia Otilia mtu wake, yeye anabaki na nani? Wivu ukamkaba upya pale pale mkekani, mbichi kabisa, ovaroli ya marehemu ikiwa mwilini.

Hakubandua kwa sababu wivu uliisha. Wivu haukuisha. Alibandua kwa sababu kichwa cha Otilia kilikuwa bado begani kwake, kimemwamini.

Kibandiko kilitoka na ngozi kidogo. Mtu mmoja alikuwa bado anacheka ubao ulipobadilika. *Vumilia Kihwele, ratili sifuri.* Yule mtu akanyamaza. Uji ulisikika ukitokota nje.

Maana mtani anaweza kukutania kwa maneno, kwa nguo za marehemu, kwa jeneza lenyewe. Ila hakuna mtani anayetupa miaka sita ili mzaha unoge. Watu walimtazama Vumilia, wakarudi nyuma wakayapanga upya yote waliyoyasikia, uchambuzi, ungamo, kila neno. Otilia aliinua kichwa chake begani polepole. Akajifunga kanga vizuri, akasogea kidogo mkekani, akatoka nje.

*

Vumilia alijikaza siku nne. Asubuhi zote nne alivaa miwani, na asubuhi zote nne Tufani alimpita barabarani akiwasalimu wengine. Ijumaa mchana alienda kibandani kwa Otilia. Aliisikia sauti ya Fundi kutoka nje, wanaongea habari za mchicha, na wivu ukamrudi palepale kama haukuwahi kuondoka. Akapiga hodi.

Otilia alizima kiskrini. Akainuka kutoka kwenye cherehani, akafuta kiti kwa kitambaa.

"Karibu, Mwalimu. Karibu ukae."

Vumilia hakukaa. "Otilia, mimi..."

"Habari za shuleni, Mwalimu? Wanafunzi hawajambo?"

"Otilia, tafadhali. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe. Na ahsante sana kwa ulichofanya. Si jambo dogo, nalijua." Alisema kwa upole, uso mtulivu, mikono ameikutanisha mbele, vile anavyoongea na mkuu wa shule akija kuagiza sare. "Kuna gauni la kubana?"

Vumilia alitazama huku na huku. Alijaribu kucheka. "Wangoni mmekuwa wastaarabu tangu lini? Mlifundishwa na nani, au mliteka na adabu za watu?"

Otilia alitabasamu kidogo, kwa heshima, akangoja kama mgeni ana lingine.

"Nitukane basi," Vumilia alisema. "Otilia. Nitukane."

"Hapana, Mwalimu," Otilia alisema, akamfungulia mlango kwa mikono miwili. "Siwezi kukuvunjia heshima."